Siku Keji Aliponikabidhi kwa Watu wa Oraba

Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la nje pale hospitalini Arua, ukingoja jina lako liitwe na papo hapo ukiomba lisiitwe. Benchi hilo nalijua. Upande wa kushoto lina mguu mfupi, kwa hiyo sogea kulia. Nimelikalia kuanzia kiangazi mpaka mvua za mwisho, na Sista Driciru, muuguzi wa chumba cha dripu, ndiye aliyesema kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu akipona bila kuandika chochote atakuwa amewadhulumu wenzake. Basi naandika. Ya kitaalamu sitayagusa, waulize wenyewe. Mimi ni ajenti wa forodha Oraba, mpakani mwa Uganda, kazi yangu kuvusha malori kwenda Kaya na kuendelea ndani ya Sudan Kusini, na mwili wangu nilikuwa nikiufahamu kama dereva mvivu anavyoifahamu injini: ikiwaka, twende.

Uvimbe ulianza chini ya taya. Nikalisingizia jino. Nikaling'oa, jino zima la watu, halina kosa lolote. Uvimbe ukabaki palepale, nami nikawa na pengo juu yake. Krismasi ilipofika binti yangu Keji akaja nyumbani Lurujo kutoka Kampala. Huyu Keji lazima nimweleze mapema, maana kisa hiki ni chake kama kilivyo changu. Amesoma mpaka shahada ya uzamivu, na alichosomea ni kinga ya mwili: jinsi askari walio ndani ya damu wanavyoitambua saratani, na kwa nini mara nyingine wanaipita kama hawaioni. Watu wa Lurujo wanamwita dokta na kumletea magoti yao. Anawaambia yeye si daktari wa magoti, wanamwelewa kabisa, kisha wanamwonyesha goti la pili.

Siku ile alinikumbatia, mkono wake ukapita shingoni kwangu, ukasimama. Akabonyeza pale, akabonyeza upande wa pili, akaenda kwapani, polepole, huku akiendelea kuniuliza habari za mihogo. Nikamjibu habari za mihogo. Mama yake alikuwa mlangoni na kuku mkononi, anatutazama. Kuku tulimla hata hivyo.

Wakanikata kipande Arua, kipande kikaenda Kampala, mimi nikabaki kungoja. Sindano zote zilizofuata sikuziogopa kama nilivyouogopa ungojaji ule. Nililima hata sehemu ambazo hazikuhitaji kulimwa. Jibu lilipokuja, daktari alisema ni saratani ya tezi, inatibika, na nitapata dripu sita, wiki tatu kati ya moja na nyingine. Nikamwuliza kama nne hazitoshi. Ni mazoea ya kazi. Keji aliyekaa kando yangu alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja na mabega yake yakaendelea kutikisika, nami sikumwangalia tena mpaka tulipotoka nje.

Sasa nikuonye kuhusu dripu ya kwanza. Kuna dawa moja nyekundu. Ukienda chooni baadaye, hiyo rangi utakutana nayo tena. Keji alikuwa ameniambia jambo hilo mara nyingi, nami nilikuwa nimelisahau mara zote, kwa hiyo nilipiga kelele nikatoka nje nimeshika suruali, watu wote wa benchi wakajua kilichonipata. Wale wa zamani walicheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo nilipoingia katika ukoo wa benchi, na ni ukoo mzuri. Kuna vidonge pia vya siku za mwanzo ambavyo vinakupa nguvu zisizo zako. Nilifagia ua kabla ya jogoo, nikajenga upya banda la kuku, nikawapigia simu watu niliokuwa sina la kuwaambia. Vidonge vinapokwisha, unaanguka kama gunia. Usishangae, unaamka tena.

Nywele ziliondoka kabla ya dripu ya pili. Za kichwani sikuzijali, nilikuwa na chache. Masharubu ndiyo yaliniuma. Nilikuwa nayo tangu kabla sijaoa, na mke wangu hakuwahi kuuona mdomo wangu wa juu. Asubuhi yale masharubu yalipobaki kwenye taulo, alinikazia macho kwa muda mrefu, akaniambia kumbe niko na mdomo wa shangazi yangu, yule mchoyo. Chakula kikawa na ladha ya msumari. Ugali wa mihogo, maharage, samaki mkavu, vyote msumari. Kitu kimoja tu kilipona: karanga zilizosagwa na simsim. Nilikula hicho mpaka nikaogopa nitaota majani. Nawe utakipata chako, endelea kuonja.

Keji alikuwa ameomba ruhusa kazini Kampala akahamia kwetu. Aliweka ndoo na sabuni mlangoni, akakataza watu kunishika mkono, jambo ambalo kwetu ni sawa na kuwatukana. Hofu yake ilikuwa homa. Katikati ya dripu na dripu askari wa damu wanapungua kabisa, alituambia, na homa ikija wakati huo hakuna kungoja kesho, ni Arua mara moja. Kila asubuhi na kila jioni alinitia kipimajoto kwapani na kusimama hapo mikono kiunoni, kama polisi wa kizuizi cha barabarani anayesubiri ufungue buti.

Dripu ya pili iliangukia siku ya mahojiano yake ya kazi mpya. Hapa lazima nieleze nafasi aliyokuwa ameiomba. Mtu akishapata shahada ya uzamivu hapewi maabara yake siku hiyo hiyo. Anakwenda kwanza miaka miwili, mitatu, kufanya utafiti chini ya mkubwa mmoja anayejulikana, ndipo naye anaaminiwa kusimama peke yake. Ni kama dereva mwenye leseni ambaye bado anaendesha gari la mwingine. Nafasi hizo hutangazwa duniani kote, na kwa kila moja wanagombana watu wenye akili wa dunia nzima. Keji alikuwa ameziomba nyingi, za kinga ya mwili na za saratani, na nyingi zilikuwa zimemkataa kwa adabu. Hii moja ilikuwa katika nchi ya baridi huko Ulaya, kwa watu wanaochunguza jinsi askari wa mwili wanavyoweza kuamshwa ili waile saratani ya tezi. Ya tezi, kama yangu. Nyumbani tuliiita kazi ya baridi.

Mahojiano yalikuwa ya simu ya picha, na mtandao mzuri ulikuwa nje ya hospitali, ndani ya gari la Ratib. Ratib ni ajenti mwenzangu, Mwislamu wa Koboko, tumegawana meza moja Oraba tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, naye ndiye aliyekuwa akitupeleka Arua. Keji akavaa koti, akapandisha vioo kwa sababu ya kelele, akakaa humo kwenye jua la saa sita. Ratib akasimama mbele ya boneti, mikono kifuani. Mimi nilikuwa nimeshatundikiwa dripu, kitanda kilikuwa karibu na dirisha, nikaona yote. Muuza karanga alipokuja akiita bidhaa yake, benchi zima liliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Mtoto wa mtu akalia, akabebwa mbali. Wagonjwa wote wale, kila mmoja na lake, walikaa kimya kama kanisani kwa ajili ya binti ambaye wengi hawakujua hata jina lake.

Alipotoka koti lilikuwa limelowa. Mama mmoja wa Omugo, aliyekuwa anatibiwa titi, akamwuliza, "Hiyo kazi iko ya nini?"

"Kutafuta namna ya kuamsha askari wa mwili, ili waile kansa wao wenyewe."

"Basi umechelewa," alisema yule mama. "Nenda haraka."

Walimpa. Habari ilikuja na mvua za kwanza, sisi tukipanda karanga. Keji aliusoma ujumbe akiwa amesimama kwenye mtaro, akaturukia wote, mimi kidogo tu kwa sababu ya vijidudu, na jioni ile alikuwa mtoto mdogo tena. Kesho yake hakuizungumzia. Keshokutwa pia. Mpaka tulipokaa benchini kungoja dripu ya tatu ndipo aliponiambia, huku akitazama vidole vyake, kwamba amewaomba wamngojee, wamekubali mpaka mvua zitakapopungua tu, na kwamba hilo halitoshi. "Nitawaambia hapana, Baba. Nikiondoka, siku ya homa atakuwepo nani?"

Nilimwambia mambo mengi ya kishujaa. Ukweli ni kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilitaka aende, nilitaka hivyo kwa nguvu zangu zote, na nilitaka abaki kwa nguvu zilezile. Nilipokuwa naumwa, mkono wake juu ya paji la uso ulinitosha kuliko dawa. Kama nawe una mtoto wa kukuuguza, unalijua jambo hili, na hakuna haja ya kulionea haya.

Mama yake hakuwa na mawazo mawili. Mke wangu ni binti wa askari, alikulia kambini. Nyumbani tunasema Kikakwa, lakini ugomvi wake wote huufanya kwa Kiswahili, kile cha kambini. Akianza sentensi kwa Kiswahili, hata mbwa anahama.

"Mimi nauliza kitu moja," alisema wakati wa chakula cha usiku, bakuli bado mkononi. "Wewe nasoma damu miaka yote hiyo. Damu yenye iko naugua, iko hapa, kwa hii kiti. Sasa wewe napeleka akili yako kwa damu ya mutu mwingine huko baridi? Hiyo iko akili gani?"

Keji akasema, "Ndiyo maana nabaki, Mama."

"Basi imeisha."

"Haijaisha," nilisema mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niugue niligonga meza. Ilikuwa na kikombe cha uji juu yake. Mke wangu akapangusa ule uji, wala hakusema nami mpaka kesho yake mchana. Ugonjwa huleta siku kama hizo. Sisi tulikuwa na kadhaa.

Ni Ratib aliyepata njia, na hakuitafuta mbali. Oraba kuna desturi yetu. Dereva akiugua mpakani, mzigo wake unachukuliwa na mwingine, lakini hauchukuliwi hivi hivi. Anayetoa na anayepokea wanalizunguka lori pamoja, wanashika kila gurudumu, kila sili ya forodha, turubai yote, na shahidi anatembea nyuma yao. Anayetoa lazima aseme ubovu wote: breki inavuta kushoto, tairi hili linapoteza upepo. Anayeficha, hasara ni yake. Mwisho anayepokea anasema, "Iko kwangu." Tangu hapo lolote litakalotokea liko juu ya kichwa chake, na yule aliyetoa haruhusiwi kugeuka nyuma. Akirudi kuangalia-angalia, anamwambia mwenzake mbele ya watu kwamba hamwamini. Nimeona marafiki wakiachana kwa hilo.

Basi Jumapili moja Ratib akaja Lurujo na Mama Viola. Huyu alikimbia vita Yei, Sudan Kusini, na sasa anabadilisha pesa Oraba, meza yake iko karibu na yetu, na namba haijawahi kumponyoka. Ratib akanikalisha kwenye kiti katikati ya ua. Akamwita Keji. "Dokta, sisi watu ya Oraba iko tayari kupokea huyu mzigo. Anza kusema ubovu."

Keji alidhani ni utani. Ratib hakucheka. Wakaanza kunizunguka. Mwanzoni binti yangu alikuwa anasema huku anatabasamu, halafu tabasamu likaisha na sauti ikawa ya kazini. Shingo hii hapa, ikivimba tena semeni. Mshipa huu umechoka, mwambieni Sista atumie wa kulia. Kinywa chake mkitazame kila siku, vidonda. "Anadanganya," alisema. "Ukimwuliza kama anaumwa atakwambia hapana. Mpime, usimwulize." Mama Viola akarudia kila kitu kwa sauti, bila kukosea. Akajifunza kipimajoto, akataka aambiwe namba ambayo ikifika hakuna maneno tena. Wangepeana zamu, yeye asubuhi kabla ya kufungua meza, Ratib jioni baada ya swala, na ajenti wengine siku za dripu. Nilikaa pale kama lori, nikaambiwa nifungue mdomo, nikafungua.

"Iko kwangu," alisema Ratib.

Lakini shahidi hakuwapo. Mke wangu ndiye aliyetakiwa kuwa shahidi, naye aliposikia kinachofanyika alichukua jembe akaenda zake kupalilia. Tulimwona mgongo tu, kule mwisho wa shamba. Ratib akasema makabidhiano bila shahidi yana walakini, ila ameshasema neno lake. Keji akakubali kwenda Kampala kuomba viza. Kuomba tu, alisema. Kwenda au kutokwenda tutaona.

Alikuwa Kampala siku homa ilipokuja, baada ya dripu ya nne. Nilijisikia mzito tu, kama mtu aliyelala vibaya. Mama Viola akaja asubuhi, akanitia kipimajoto, akakisoma, akakisoma tena, akasema, "Imepita namba," kwa sauti ya kawaida kabisa, na wakati huohuo mkono wake ulikuwa tayari unampigia Ratib. Gari la Ratib lilikuwa Arua na mkewe. Ratib hakupoteza muda kulisikitikia. Alikwenda barabarani akasimamisha lori la kwanza linalomjua, lilikuwa linarudi tupu kutoka Juba, dereva wake tumemvusha mara nyingi. Nikalazwa kwenye kile kitanda cha dereva nyuma ya viti. Mke wangu akasema hakuna lori litakaloondoka bila yeye. Magoti yake hayapandi ngazi, seuze lori, kwa hiyo wanaume wawili walimsukuma kutoka chini huku akiwaambia kwa Kiswahili ni wapi wasiguse.

Kwenye kizuizi karibu na mji wa Koboko polisi akachungulia, akaniona nimelala na kipara na blanketi. "Hiyo iko nini?"

"Mzigo ya hospitali," Ratib alisema. "Imekaguliwa."

Tukapita. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na hapo hapo nacheka, meno yanagongana. Simu ya Ratib ikalia. Alikuwa amemtumia Keji habari kabla hatujaondoka, maana anayepokea lazima aripoti. Nilisikia sauti ya binti yangu ikitoka kwenye simu ile, nyembamba, inapasuka. Alikuwa kwenye foleni ya ubalozi, zamu yake ilikuwa asubuhi hiyo, na alikuwa ameshatoka kwenye foleni. Anakuja. Anatafuta basi. Ratib akamwambia kwa upole kwamba mzigo uko mkononi mwake, arudi kwenye foleni. Keji akasema hajali foleni. Nikaona shingo ya Ratib inakakamaa, na nikaelewa kwamba ameumia. Mimi nilijaribu kusema, ulimi haukunitii. Nilijua kwamba akipanda basi lile la kurudi nyumbani, hatapanda lingine la kuondoka.

Mke wangu akamnyang'anya Ratib simu.

"Keji. Mimi Mama. Sikia vizuri. Baba yako iko hapa nyuma, nacheka kama mjinga. Tumepita Koboko. Ratib iko, mimi iko, dereva iko. Wewe hapana kuwa hapa, na sisi tunaenda tu." Akamsikiliza. "Hapana. Rudi kwa hiyo laini. Kama wamechukua nafasi yako, lia mbele yao, wewe najua kulia. Ukikanyaga Lurujo leo, nitakufukuza na jembe." Akakata simu. Akairudisha kwa Ratib. Kisha akageuka kuniangalia, akanifunika mguu uliotoka nje ya blanketi.

Sista Driciru alikuwa ameshapigiwa simu, na dawa ilikuwa mshipani kabla dereva hajapata pa kugeuzia lori. Nililala hospitali mpaka homa ikachoka. Siku niliyoanza kudai karanga na simsim, nilimwuliza mke wangu kwa nini alisema vile kwenye simu. Alikuwa ananikata kucha. Alisema kwamba njia nzima alikuwa anangoja nife kwa sababu Keji hayupo, na tukafika Arua, na sikufa. "Nikaona kumbe tunaweza," alisema kwa Kikakwa. Lakini akaongeza kwamba hajabadilisha mawazo kuhusu ile kazi. Kumpeleka mtoto akauguze damu ya wageni, hilo bado alikuwa halielewi, na nisimlazimishe kulielewa.

Keji alipata viza. Aliondoka kumbikumbi wa mwisho wakiruka, mama yake amemfungia karanga za kusaga katika mikebe mingi kuliko nguo. Mlangoni pa basi la Arua hatukulia, tulikuwa tumekubaliana. Alinishika mkono bila sabuni wala nini, akaushika mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu. Dripu ya tano na ya sita nilikwenda na ajenti wa Oraba, wanaume wakubwa wenye vitambi, wanagombania nani atanibebea mfuko. Kwa Sista Driciru walijulikana kama kampuni. Mama Viola alituma namba ya kipimajoto Ulaya kila asubuhi, na Keji, nasikia, alikuwa haendi maabara kabla haijafika. Hakuuliza zaidi ya hapo. Ratib anasema ni mtoaji mzuri, hageuki nyuma.

Si wote wa benchi lile waliopo. Sitakudanganya. Mama wa Omugo yupo, amenenepa, ananiuliza kila mara kama yule binti amefika. Mimi baada ya dripu ya sita walinipiga picha za ndani, nikaambiwa hawaoni kitu, nirudi kila baada ya miezi michache waangalie tena. Masharubu yamerudi, meupe. Msumari umetoka kwenye ugali. Bado nachoka mapema, na kuna ganzi kwenye ncha za vidole inayonifanya niangushe vijiko. Basi naviokota.

Wiki iliyopita Keji alipiga simu ya picha mchana, wakati ambao huwa hapigi. Nilikuwa Oraba mezani, mke wangu ameniletea chakula kama afanyavyo siku hizi, hataki nile cha hotelini. Keji alikuwa amevaa koti jeupe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anacheka. Akasema tusimame karibu, kuna kitu anataka tukione, ni picha tu wala haina siri. Akageuza simu kwenye kioo cha mashine yake.

Tuliona vitu vya mviringo, vya kijivu, kama punje za mtama ndani ya maji. Keji akatuambia tutazame kile kidogo kinachotembea. Kilikwenda, kikagusa kimoja kikubwa, kikakizunguka, kikatulia hapo. Mama Viola aliacha kuhesabu. Kile kikubwa kikaanza kutikisika, kikajaa mapovu, kikapasuka. Kile kidogo kikaondoka kwenda kwa kingine. Ratib akasema huyo askari angefaa Oraba. Mimi nilikuwa nimeshika shingo yangu bila kujua.

Mke wangu aliichukua simu mkononi mwangu, akaifuta kioo kwa kitambaa cha kichwa, akaisogeza karibu na macho.

"Hii damu iko ya nani?"

"Sijui, Mama," Keji alisema. "Majina hatupewi. Ni mgonjwa wa hospitali ya hapa."

"Naumwa kama baba yako?"

"Kama Baba kabisa."

Mke wangu akatazama tena vile vitu vya kijivu, kwa muda mrefu, chakula changu kikipoa mezani.

"Basi mshike vizuri," alisema. "Huyo naye iko na watu kwa benchi, nangoja."